Treni Yenye Adabu Mbele ya Mgeni

Ukimwambia mtu kwamba unalipwa kupanda treni, atakucheka mpaka akushike bega. Ndiyo maana Mkaguzi hakuwa akimwambia mtu. Isitoshe, alikuwa ameapa. Baraza la Abiria lilimwapisha, mkono juu, kwamba hatamwambia ndugu, mchumba wala jirani kuwa yeye ndiye jicho la umma ndani ya treni ya asubuhi. Atapanda kama abiria yeyote, ataketi akipata pa kuketi, na akishuka atatoa alama: treni imewahi au imechelewa, behewa ni safi au chafu, watu wamekaa au wamebanwa, kondakta ana lugha au ana matusi.

Alama hizo zilikuwa na uzito wake. Mabehewa mapya yalikuwa yameagizwa, machache, yasiyotosha njia zote, na Baraza lilikuwa limekata shauri kwamba njia itakayoonekana mbovu kuliko nyingine ndiyo itakayopewa. Hilo nalo lilifanywa siri, wenye treni wasije wakajiharibia makusudi.

Na kwa nini njia hii apewe yeye, anayekaa karibu na stesheni hata filimbi ikilia anaisikia akiwa kitandani? Mkurugenzi wake alisema mgeni hushtukiwa, mwenyeji hatazamwi na mtu. Wakubwa wana akili zao, ila sijui huwa wanaziweka wapi siku za kazi.

Mkaguzi mwenyewe hakulalamika. Alikuwa akiishi na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Shangazi aliwahi kuvunjika nyonga. Mfupa ukaunga, lakini mguu ukabaki na kinyongo. Kila wiki alipanda treni hiyo hiyo ya asubuhi kwenda kliniki ya mazoezi mjini, na daktari alikuwa amemwambia wazi: mazoezi akiyaacha, mguu utakakamaa na hatatembea tena. Treni ya asubuhi nayo sifa zake zilijulikana. Ilikuwa na mabehewa mawili tu kwa watu wa kujaza manne, na waliokuwa wakiipanda walishuka wakionekana kama nguo zilizokamuliwa. Kwa hiyo Mkaguzi aliona Mungu amemrahisishia. Hana haja ya kusema uongo wala kumpendelea mtu. Ataandika anachokiona, na kweli yenyewe itamletea Shangazi kiti cha kukaa.

Basi siku ya kwanza akavaa raba, akabeba mkoba, akaenda stesheni. Treni ikaja kwa wakati. Akapanda, akakuta viti vitupu. Waliokuwepo wamekaa wima, mikono mapajani, kama watoto wanaosubiri kupigwa picha. Mzee mmoja alimpisha mwenzake mlangoni, mwenzake naye akasema, "Tangulia wewe, mzee wangu," wakawa wanapishana hapo mpaka kidogo wabaki wote wawili. Mama mmoja aligonga nguzo kwa bega, akaiomba radhi. Sakafu ilikuwa safi. Treni ikafika mjini kwa wakati wake, na Mkaguzi akashuka na kusimama jukwaani akiwa hajui aende kushoto au kulia.

Akajiambia, labda leo ni siku njema. Mara ya pili ikawa vile vile. Ya tatu, vile vile na zaidi, maana kijana mmoja alitoa kitambaa akafuta kiti kabla hajamkaribisha mwenzake. Mkaguzi akatoa alama za juu kabisa, kwa sababu ndivyo alivyoona, na kila alipozituma moyo ulimuuma.

Sasa tatizo lilikuwa Shangazi. Siku ya kliniki, Mkaguzi akiwa ofisini, Shangazi alirudi jioni akichechemea kuliko alivyoondoka, kifungo cha kifuani hakipo, vidole vya mguu mbovu vimevimba.

"Shangazi, vidole vimefanya nini?"

"Vimezeeka."

"Vimezeeka tangu asubuhi?"

"Uzee hauna ratiba, mwanangu. Niletee maji ya moto na chumvi."

"Na kifungo je?"

"Uzi mbovu. Nitamwambia fundi cherehani, ndiye aliyekishona."

"Kwani treni ilikuwaje?"

Shangazi akatazama pembeni. "Treni? Niliketi dirishani kama bibi harusi. Mpaka usingizi ukanichukua."

Wiki nyingine alirudi na kiatu kimoja. Kimoja! Akasema kile cha pili kilikuwa kinambana, ameamua kukiacha. Mkaguzi alikaa kitandani usiku ule akijumlisha na kutoa. Treni ni nzuri, ameiona kwa macho yake. Shangazi mwenyewe anasema ni nzuri. Basi Shangazi anaumia wapi? Jibu alilolipata halikumpendeza: mama huyu anaanguka njiani na anaficha. Au anaanguka na hakumbuki.

Na kulikuwa na suala la mikate. Siku nyingine Shangazi hakuwa na shughuli na duka. Lakini asubuhi zile ambazo Mkaguzi alipanda treni, mama huyu alidamka, akatoka, akarudi na mikate mzigo mzima, hata kama mkate wa jana upo mezani haujaguswa. Jioni Mkaguzi akirudi hakuti hata kipande, ila karatasi zake tu zimejazana kwenye ndoo ya taka.

"Shangazi, mikate yote ile ameila nani?"

"Mkate si wa kuliwa? Au siku hizi unaangaliwa?"

Mkaguzi aliwahi kusikia kwamba wazee akili ikianza kuwatoka, huanza na vitu kama hivyo: kununua kilichopo, kusahau kilichotokea, kupoteza kiatu na kukitungia hadithi. Alimtazama yule mama aliyemfundisha kuhesabu kwa kutumia maharage, na hofu ikamshika. Huenda ikabidi amzuie kwenda kliniki peke yake. Na mtu wa kumsindikiza kila wiki hayupo, yeye mwenyewe ana kazi, kazi ya kuhakikisha kwamba treni isiyo na shida haina shida.

Ofisini nako hakukuwa na nafuu. Palikuwa na mwenzake mmoja waliyemwita Grafu, kwa kuwa hata salamu alitamani aichoree mstari. Kazi yake ilikuwa kupokea taarifa kutoka chumba cha kuongozea treni, treni gani imepita wapi na saa ngapi. Siku moja akamwita Mkaguzi kwenye kompyuta yake.

"Dada, njoo uone ajabu. Hii ndiyo treni yako ya asubuhi. Leo imechelewa, jana imechelewa, juzi imechelewa. Hapa katikati imewahi. Halafu imechelewa, imechelewa, imechelewa. Hapa tena imewahi."

"Sasa?"

"Siku zilizowahi ni zako wewe."

"Zote?"

"Zote. Treni hii inakupenda, dada yangu. Sijawahi kuona mapenzi ya namna hii." Kisha akaacha kucheka. "Ama umeonekana, ama umepakwa mafuta. Mimi sisemi ni lipi."

Mkaguzi alihisi uso unamwaka moto. Hakuwa amepokea hata pipi ya mtu. Lakini angesema nini, na mistari ile pale inamtazama? Aliapa kwamba hajamwambia mtu, na ilikuwa kweli. Grafu akamshauri avuruge siku: kama kuna mtu wa reli aliyeinasa ratiba yake, basi aende siku isiyotarajiwa. Ushauri mzuri. Mkaguzi akaenda siku isiyotarajiwa, amevaa raba zake na kilemba cha kuazima na miwani ya jua. Asubuhi hiyo Shangazi alirudi na mikate. Treni ilikuja kwa wakati, viti vitupu, adabu tele. Na kondakta, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alifika akamchungulia chini ya miwani.

"Aa, dada yangu! Karibu sana. Mbona hupandi kila siku?"

Moyo ukamruka Mkaguzi. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Kwa sababu una nyota wewe. Nakwambia kweli. Siku nyingine hapa ni vita, milango haifungi, watu wamening'inia, tunakaa stesheni tunasukumana mpaka tunachelewa kila mahali. Ukipanda wewe, watu wanapungua, milango inajifunga, tunakwenda. Sikujui jina wala kazi, lakini mke wangu nimeshamsimulia. Nimemwambia kuna dada mmoja, akitokea tu, reli inanyooka."

Alisema hayo kwa furaha ya mtu asiye na la kuficha, akatoboa tiketi yake, akaenda zake akipiga mluzi. Mkaguzi akabaki na maswali. Kama kondakta hajui, nani anajua? Kama hakuna anayejua, watu wanapungua vipi? Wanakwenda wapi? Kwa dakika moja, na asimcheke mtu yeyote ambaye hajafika hapo, alijiuliza kama kweli ana nyota.

Ikafika safari ya mwisho. Kesho yake Baraza lingekaa mkutano wa hadhara na kutangaza njia zilizopata mabehewa, na Mkurugenzi alikuwa ameshadokeza kwamba njia hii ndiyo inayoongoza kwa uzuri. Mkaguzi aliondoka nyumbani kichwa kikimuuma. Shangazi alimwombea safari njema akiwa mlangoni, mikate imejaa mezani nyuma yake. Alipofika karibu na stesheni akaingiza mkono mkobani, hamna simu. Bila simu hana pa kuandikia alama. Treni ilikuwa bado, akarudi mbio.

Alipofika uani akasikia mvumo. Ulikuwa mvumo wa watu wengi wanaojitahidi kunong'ona. Akafikiri ni msiba. Akausukuma mlango.

Sebule ilikuwa imejaa mpaka pomoni. Kwenye kochi walikuwa wanne, wamebanana. Fundi cherehani wa pale kona alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi, utepe wa kupimia shingoni. Nesi wa zamu ya asubuhi, na sare yake nyeupe, alikuwa sakafuni miguu ameikunja. Fundi mwashi aliyejenga nusu ya mtaa ule alikuwa dirishani, kofia yake ya kazi mapajani imegeuzwa juu chini, ndani yake ameweka vipande vya mkate. Wengine aliwajua kwa sura, wengine kwa salamu za njiani. Kila mmoja amevaa cha kazini, kila mmoja ana kikombe. Katikati amesimama Shangazi na kisu, anakata mkate.

Hakuna aliyetikisika. Mwashi alikuwa na tonge mdomoni, na hakulitafuna wala hakulimeza.

"Umesahau nini, mwanangu?" Shangazi akauliza, kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa yake.

"Simu," Mkaguzi akasema. Kisha akasema, "Hawa ni nani?"

"Majirani."

"Majirani nawajua. Wanafanya nini hapa? Nesi, wewe huna wagonjwa leo?"

Nesi akatazama kikombe. "Ninao. Ninasubiri treni."

"Treni inakuja sasa hivi!"

"Ninasubiri ya pili," akasema nesi.

"Sote tunasubiri ya pili," akaongeza mwashi, tonge likiwa bado shavuni. "Leo ni zamu yetu."

Mkaguzi aliwatazama mmoja mmoja. Akatazama mikate. Akaona kwamba hapa kuna jambo, na jambo lenyewe limemzunguka muda wote, lakini bado hakuliona kichwa wala miguu. "Zamu ya nini?"

Shangazi akaweka kisu mezani. "Kaa kwanza."

"Nikae wapi?"

Ni kweli, palikuwa hapana. Fundi cherehani akamwachia mkono wa kochi.

"Mwanangu," Shangazi akaanza, "wewe siku za ofisini unavaa viatu vya kisigino. Siku za treni unavaa raba. Raba hizo nani anazipiga brashi?"

"Wewe."

"Haya. Na unafanya kazi kwenye Baraza la Abiria. Mimi mguu ndio mbovu, kichwa kizima. Nilijua siku ya kwanza kwamba umetumwa kuitazama treni yetu. Nikajiuliza, akiiona ilivyo itakuwaje? Njia ile ya machimboni unaikumbuka? Walikuja watu na kalamu, wakaandika treni mbovu, chafu, inachelewa. Haukupita muda, treni ikafutwa. Watu wa kule mpaka leo wanatembea."

"Ile ilifungwa kwa sababu ya daraja, Shangazi."

"Nani alikwambia?"

"Niliambiwa kazini."

"Na mimi niliambiwa na waliokuwa wakiipanda."

Kwa kweli Mkaguzi hakuwa na hakika. Hakuwahi kuliona daraja lenyewe.

"Tukasema, mgeni njoo, mwenyeji apone," Shangazi akaendelea. "Mgeni akija si unafagia? Unatandika shuka jipya. Shida ya treni yetu ni wingi wa watu, basi. Wakipungua inakwenda. Nikatoka asubuhi, nikasema pale dukani: leo mgeni wetu anasafiri. Nusu wapande, wakae kwa heshima. Nusu wasubiri ya pili. Na watasubiri wapi bila kuonekana? Nikaona nyumba pekee ambayo wewe huwezi kuwepo saa hiyo ni hii."

"Mimi bosi wangu amenikata posho ya kuwahi," akasema mwashi, bila chuki. "Lakini treni ni treni."

"Mimi nimepewa barua ya onyo," akasema nesi.

Walisema kwa namna ya watu waliotoa mchango wa harusi na hawataki kushukuriwa sana. Mkaguzi aliwasikiliza na kizunguzungu kikampanda. Walikuwa wamejinyima, wamechelewa makazini, wamegombezwa, wamekula mikate mikavu na chai kwenye kochi lake, na yote hayo ili wajifungie mlango wenyewe. Na yeye alikuwa ameapa kunyamaza. Kiapo kilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Akamtazama Shangazi na mguu wake, akaona potelea mbali.

"Nisikilizeni," akasema. "Kuna mabehewa mapya. Yanatolewa kwa njia yenye alama mbaya kuliko zote."

"Mbaya?" akauliza fundi cherehani.

"Mbaya."

"Na sisi ni wa ngapi?"

"Ninyi ni wa kwanza."

"Kwa ubaya?"

"Kwa uzuri."

Mwashi akalimeza tonge. Lilisikika likishuka. Nesi akajishika kichwa, akasema kama mtu anayesoma ukutani, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kila siku nawaambia wagonjwa. Kila siku!"

Shangazi alikaa, na hapakuwa na kiti. Fundi cherehani alimdaka, Mkaguzi akampisha kwenye mkono wa kochi.

Kisha filimbi ikasikika mbali, na nyumba nzima ikasimama kwa pamoja. "Twendeni!" akasema mwashi, akivaa kofia na vipande vya mkate vikimmwagikia. Mkaguzi akanyakua simu yake mezani, akasimama mlangoni na mikono wazi. "Hapana! Msije kwa ajili yangu! Nikiwaita mimi itakuwa ni uongo mwingine!"

"Nani kakwambia ni kwa ajili yako?" nesi akasema, akimpita chini ya mkono. "Tunachelewa kazini."

Wakatoka, wakamwagika barabarani, na habari ikawatangulia, maana habari haina nyonga mbovu. Walipofika jukwaani pamefurika. Walikuwepo wa kila siku, wapo wa zamu, na wapo wengine ambao Mkaguzi hakuelewa wametoka wapi. Akamwona mwenye duka, mama wa mikate, amefunga duka na amevaa kandambili.

"Mama, wewe unasafiri kwenda wapi?"

"Siendi. Nimekuja kujaza."

"Rudi nyumbani, mama!"

"Kwani si mnataka ijae?"

Treni ikaingia. Kilichofuata Mkaguzi hakuwahi kukiona, au labda ndicho alichokuwa amekitafuta muda wote, na hapo ndipo akili yake ilipogoma. Milango ilijaa watu, ikakataa kufungwa, ikafunguka, ikafungwa tena. Alisukumwa, akainuliwa, akajikuta ndani bila kukumbuka kupiga hatua. Kiwiko cha mtu kilikuwa mbavuni mwake. Mwashi alikuwa akipiga kelele, "Nakufa jamani! Mabehewa! Mabehewa!" na kila akimaliza anamchungulia Mkaguzi kuona kama amesikia. Mama mmoja, yule yule aliyeiomba nguzo radhi, sasa alikuwa akitukana nguzo hiyo hiyo. Wanaosukuma, wanasukuma kwa sababu hakuna nafasi, au wanasukuma ili aone? Anayelia, analia kwa maumivu au kwa ajili ya alama? Zamani alionyeshwa treni nzuri, leo anaonyeshwa treni mbaya. Treni yenyewe iko wapi? Alihisi kwamba tangu aanze kazi hii hajawahi kuipanda, na kwamba hata akiipanda miaka mingapi, ile ya kweli itakuwa inapita siku ambazo yeye hayupo.

Kondakta alimwona kwa mbali juu ya vichwa. "Dada! Nyota yako leo imeenda wapi?"

Hakumjibu. Alikuwa amemwona Shangazi.

Leo haikuwa siku ya kliniki. Alikuwa amekuja kujaza, kama mwenye duka. Alikuwa karibu na mlango, na hakuwa na habari kwamba anatazamwa. Wengine walikuwa wakipiga kelele, yeye kimya. Mkanda wa mkoba alikuwa ameuzungusha mkononi usivutwe. Kiwiko ameegemeza nguzoni, mkono ameuweka mbele ya kifua, pale kilipokuwa kifungo. Na mguu mzima alikuwa ameupandisha juu ya ule mbovu, kuukinga vidole, akisimama hivyo kwa namna ambayo mtu yeyote angeanguka. Macho ameyafumba. Halafu Mkaguzi akaona jambo jingine. Kabla treni haijafika kwenye kona, kabla mtu yeyote hajayumba, Shangazi alijiinamisha upande mmoja taratibu na kukaza meno. Ndipo kona ikaja. Behewa zima lilirushwa, watu wakaangukiana kwa mayowe, mwashi akanyamaza kwa mshangao wa kweli. Shangazi peke yake hakutikisika. Aliumia, ilionekana usoni, lakini hakutikisika.

Hakuna aliyemfundisha hilo leo asubuhi. Mwili wake ulikuwa umejifunza kona hiyo wiki baada ya wiki, kimya kimya, halafu unarudi nyumbani kuomba maji ya chumvi. Mkaguzi aliona aibu. Alikuwa tayari kumdhania mama huyu kuwa amepotewa na akili, kwa sababu tu macho yake mwenyewe hayakuwa yameona.

Akampigia simu Mkurugenzi hapo hapo, sikio moja amelifunga kwa kidole.

"Nimetambuliwa," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Alama zangu zote ni za kufuta, na hata za leo."

"Unazungumza kutoka wapi? Kelele gani hizo?"

"Ndani ya treni."

Mkurugenzi alivuta pumzi ndefu. "Unajua maana yake? Njia isiyo na alama haiingii kwenye mgao. Wewe mwenyewe utakuja kujieleza, na kiapo chako uje nacho."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo ile ya kwenye kanuni. Abiria mwenyewe anaweza kusimama kesho mkutanoni akatoa ushahidi, wazi, kwa mdomo wake, akaulizwa na akajibu. Lakini unajua viti vya mashahidi huwa vitupu kila mwaka. Watu wenyewe hawaji."

Simu ikakatika. Mkaguzi akaanza kupenya kuelekea mlangoni. Behewa halikuwa na nafasi, lakini watu walipoona anakwenda wapi wakajibana, na kelele zikapungua mpaka zikaisha. Alipomfikia Shangazi akasimama mbele yake, uso kwa uso, maana hapakuwa na namna nyingine ya kusimama.

"Mimi ni mkaguzi," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Tunajua!" behewa zima likajibu, isipokuwa kondakta, aliyesema, "Kumbe!"

"Si mkaguzi tena. Alama zangu zimefutwa. Shangazi, kesho wanataka mtu wa kusema. Si mimi. Mtu anayeipanda. Watakuuliza swali moja, na mimi nakuuliza sasa, sijawahi kukuuliza nikiwa humu ndani. Ukipanda treni hii, unakuwaje?"

Shangazi alifumbua macho. Akatazama pembeni, kama kawaida yake, lakini pembeni kote palikuwa na watu, na wote walikuwa wakimtazama. Midomo ilimcheza. Mkaguzi aliona kabisa lile jibu la kupendeza likija, likifika, likisimama.

"Naogopa," Shangazi akasema. "Tangu usiku naogopa. Nikifika jukwaani naomba ijae nisiweze kupanda, nirudi nyumbani. Halafu naomba nipande, kwa ajili ya mguu. Inaniumiza, mwanangu. Inaniumiza sana, na nimekuwa nikikuficha."

Akaanza kulia, mzima mzima, mbele ya mtaa wake wote. Mkaguzi akamshika kiunoni ili aushushe mguu mzima chini. Watu wa nyuma walisogea kidogo, na safari hii hakuna aliyewaambia wasogee.

"Kesho nitasema hivyo hivyo?" Shangazi akauliza, akijifuta kwa mkono.

"Hivyo hivyo."

"Na wakiifuta treni?"

"Sijui, Shangazi," Mkaguzi akasema. "Kusema kweli, sijui."